Napiga Sauti ya Kwanza

Siku niliyomwambia baba kwamba naacha ualimu ili nipige tarumbeta, alikuwa ameinama kwenye tuta la karoti, na hakuinuka. Aliendelea kung'oa. Nilisimama pale kwenye ukingo wa shamba, viatu vyangu vya shule vimejaa tope, nikadhani labda hakunisikia, maana kwetu, juu kwenye barabara ya kwenda Mlola, upepo huwa unabeba maneno ukayapeleka bondeni. Nikarudia.

"Nimekusikia," akasema. "Nasubiri umalize mzaha."

"Siyo mzaha, Baba. Nimeshamwambia mwalimu mkuu."

Hapo akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali. Baba yangu amepiga besi kwenye kwaya ya tarumbeta ya usharika wetu tangu kabla sijazaliwa. Besi ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, ambalo mtu hulipakata kama anabembeleza mtoto. Mkono wake wa kulia una vidole vitatu vilivyojikunja kidogo kwa ajili ya kubonyeza vitufe vyake.

"Besi nimeipiga ujana wangu wote," akasema. "Umewahi kunisikia hata siku moja nikiiita kazi?"

"Hapana, Baba."

"Kazi ni hii." Akaniinulia fungu la karoti lenye udongo. "Muziki ni wa Mungu. Mtu hauzi cha Mungu."

Mama alikuwa upande wa pili akizifunga karoti mafungu mafungu kwa kamba za mgomba. Yeye alikuwa na swali moja tu. "Na mwanamume gani atakuja kumchumbia mtu anayeshinda juu ya pikapu akiwapigia maarusi?"

"Asiyeogopa kuanguka," nikamjibu.

Mama akacheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka.

Lakini ni baba mwenyewe aliyenitia tarumbeta mdomoni, na hilo sikuacha kumkumbusha. Nilikuwa darasa la sita. Mpigaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya alihamia Dar es Salaam, na tarumbeta lake likaletwa kwetu litunzwe mpaka apatikane mwingine. Kaka yangu alijaribishwa kwanza. Akapuliza siku mbili, akasema midomo inamwasha, akarudi kwenye mpira. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kulisugua kwa majivu na limau ling'ae kwa ajili ya Pasaka. Nikalisugua, nikalitazama, nikaliweka mdomoni. Ilitoka sauti kama ya ng'ombe anayezaa. Baba alikuwa jikoni. Akacheka mpaka akakalia gunia la viazi. Kisha akaja, akanishika kidevu, akasema, "Kaza pembeni, legeza katikati. Tena."

Pasaka ile nilipanda makaburini na kwaya alfajiri, kama kwaya zetu zinavyofanya kila mwaka, kuwapigia waliolala kabla jua halijatoka. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikumwona baba, nilisikia besi yake tu mahali fulani kushoto kwangu. Niliifuata. Nilipiga nota zangu chache, nyingine nikazikosa, na tulipomaliza wanawake walinishika mikono wakaninong'oneza kwa Kishambaa kwamba nimewafurahisha marehemu wao.

Kwa miaka mingi baada ya hapo nilikuwa fahari ya usharika. Wageni wakija, nasimamishwa mbele. Hakuna aliyesema tarumbeta si la msichana. Nilipomaliza chuo cha ualimu na kupata nafasi kwenye shule moja binafsi pale Lushoto mjini, mchungaji alinitangaza kanisani kama mfano kwa vijana. Nilikuwa nafundisha Jumatatu hadi Ijumaa, napiga Jumapili, na kila mtu alikuwa ameridhika isipokuwa mimi.

Sikujua nimepungukiwa nini mpaka nilipokutana na mzee wa Mombo. Alikuja kwenye arusi moja kanisani kwetu akiwa na kikundi chake cha matarumbeta, wale wanaotangulia msafara wa maarusi juu ya pikapu. Alikuwa mstaafu wa bendi ya jeshi, mtu mfupi, mwenye kofia ya kushonwa na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Sisi wa kwaya tulipiga ndani, wao wakasubiri nje. Nilipotoka alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye uliyekuwa unapiga sauti ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Unapuliza kama mtu anayebisha hodi." Alilisema bila ubaya wowote, kama daktari anayekuambia una homa. "Kifua unacho. Masikio unayo. Lakini unabisha hodi. Njoo Mombo Jumamosi nikufundishe kufungua mlango."

Nilishuka Jumamosi ile. Kutoka kwetu hadi Mombo ni kushuka kutoka kwenye sweta hadi kwenye kivuli cha mwembe ukitafuta hewa, na tarumbeta nalo linahisi. Likiwa baridi sauti inashuka, likipata joto inapanda, na mimi nilikuwa sijui, kwa sababu nilikuwa sijawahi kupiga mahali penye joto. Mzee alikaa uani nyuma ya nyumba yake, jirani na vibanda wanamokula abiria wa mabasi ya Moshi, akanifundisha kuanzia mwanzo kabisa. Nota nilikuwa nazikariri kwa kusikia, akanifundisha kuzisoma. Pumzi nilikuwa naivuta mabegani, akanifundisha kuivuta tumboni. Alinipigisha nota moja ndefu mpaka machozi yakanitoka, na mabasi yalipopiga honi hakuniruhusu kunyamaza.

"Arusini ndivyo kulivyo," akasema. "Honi, vigelegele, jua, watoto wanakimbia mbele ya gari. Ukipiga kwa aibu, hakuna atakayejua kwamba umepiga."

Jumamosi ya tatu akanipandisha kwenye pikapu. Tulitangulia msafara kutoka kanisani hadi ukumbini, na katika kona moja, watu wa sokoni wakaacha kupima nyanya wakaanza kucheza. Mama mmoja mnene aliweka mzani chini akazunguka peke yake katikati ya barabara, macho amefumba. Mimi ndiye niliyemzungusha. Pumzi yangu. Niliporudi Lushoto jioni ile midomo ilikuwa imevimba, ubavu unauma kwa kugongwa na bodi ya gari, na nilijua kwamba nimeshaamua.

Kwa muda nilijaribu kufanya yote mawili. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaniambia kwamba wazazi wameniona juu ya gari nikiwa nimevaa suruali, wanauliza. Akanitaka nichague. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani alitegemea nichague kama watu wote wanavyochagua. Ndipo nikatoka pale nikaenda moja kwa moja hadi shambani kwa baba.

Haikupita miezi mingi nikaitwa na baraza la wazee wa kanisa. Nilikwenda na tarumbeta begani, kwa sababu nilikuwa natoka mazoezini. Walikuwa wamekaa kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa, mchungaji na kikombe chake cha chai, wazee kwenye benchi, na baba yangu kati yao, maana naye ni mzee wa kanisa. Sikuwa nimejua kwamba atakuwepo. Alikuwa anatazama dirishani.

Mzee mmoja alitoa simu, akaiweka katikati ya meza ili wote waone. Mtu alikuwa amenipiga video nikipiga kwenye ufunguzi wa baa moja kule Mombo, na video ilikuwa imezunguka kwenye magrupu yote ya usharika hadi ikamfikia. Nilijiona mdogo kwenye kioo, nimevimba mashavu, na nyuma yangu kuna kreti za bia. Nilipiga vizuri siku ile. Hata kwa spika ya simu ilisikika.

"Huyu ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Na tumesikia ulikwenda pia Magoma, kwenye arusi ya Waislamu."

"Nilikwenda. Walinipa pilau, wakaniombea dua."

Mchungaji alikohoa. Akasema kwa upole kwamba tarumbeta lile ni chombo kilichowekwa wakfu, kwamba mimi ni binti yao, kwamba hakuna anayenichukia. Ila nichague: ama niache kupiga huko nje, ama nirudishe chombo na nikae nje ya kwaya mpaka nitakapotubu.

Nilisubiri baba aseme kitu. Alikuwa bado anatazama dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kulia, nakumbuka nilikuwa nimeweka leso kwenye mfuko wa koti, lakini nilichokisikia kikipanda kilikuwa hasira, na ilikuja na pumzi nyingi, ile ya tumboni.

"Nikipiga hapa mnasema Mungu amenipa kipaji," nikasema. "Nikipiga Mombo mnasema nimekiuza kwa shetani. Midomo ni hii hii, wazee wangu. Sina mingine ya akiba."

"Unatujibu?" mmoja akauliza.

"Mmeniuliza."

Nikalitoa tarumbeta kwenye mfuko wake, nikatoa mate yaliyobaki ndani, nikalifuta kwa kitambaa, kila kitufe, kama baba alivyonifundisha. Nikaliweka mezani, kando ya kikombe cha chai. Nikawaaga mmoja mmoja kwa mkono, kwa sababu nimelelewa, na baba nilimuaga wa mwisho. Alinipa mkono huku macho yake yakiwa kwenye tarumbeta.

Basi nikawa sina shule, sina kwaya, sina tarumbeta. Nilirudi kulima na baba. Tulikuwa tunapalilia tuta moja, yeye upande huu na mimi upande ule, bila kuzungumza chochote isipokuwa habari za kabeji. Mzee wa Mombo aliposikia, alinitumia kupitia kwa dereva kile kipande kidogo cha chuma cha kuwekea mdomo, peke yake, na ujumbe kwamba midomo isipofanya kazi inasahau. Nikawa napuliza kipande kile huku napalilia. Kinatoa sauti kama ya nyuki ndani ya chupa. Majirani walipita njiani, wakasimama, wakatazamana. Mama mmoja alimuuliza mama yangu kama nimepelekwa hospitali.

Wakati huohuo alikuja mchumba, mwalimu mwenzangu wa zamani, mtu safi, mwenye shati jeupe. Alisema yuko tayari kunioa nikiacha habari za matarumbeta, na kwamba sasa kwa kuwa sina hata chombo itakuwa rahisi. Nilimpikia chai, nikamkaangia mayai, nikamsindikiza hadi barabarani. Mama hakunisemesha kwa wiki nzima.

Tarumbeta nililipata baada ya masika. Mzee aliniita Mombo, akanionyesha boksi la tarumbeta lake mwenyewe, lile alilotoka nalo jeshini, lenye kitambaa chekundu ndani.

"Meno yangu yamestaafu," akasema, akafungua mdomo nione. "Ya bandia hayashiki nota. Mimi nitapiga ngoma. Wewe chukua hili."

"Mzee, hili siwezi kulipokea."

"Sikupi zawadi. Nakupa kazi. Kesho kutwa tuna arusi Lushoto, na sina mtu wa kusimama mbele."

Arusi ile ndiyo ninayoisimulia nikiulizwa kama haikuwa shida kuwa mwanamke. Tulipanga mstari mbele ya gari la maarusi, mimi katikati, na mwenyekiti wa kamati akaja mbio, suti imembana, jasho linamtoka japo ilikuwa Julai na baridi ya kwetu. Akamwambia mzee kwamba sauti ya kwanza isipigwe na mwanamke, picha hazitapendeza, watu watasema kamati imeishiwa. Mimi nisimame nyuma na ngoma, au nimpe mwanamume mmoja tarumbeta lile.

Mzee alinitazama tu. Aliniachia mimi, na baadaye nilimshukuru kwa hilo.

Nilimsogelea mwenyekiti nikamnyooshea tarumbeta kwa mikono miwili. "Shikamoo, Mzee. Karibu. Shika, upige."

"Mimi?"

"Wanaume wengine wote hapa wana vyombo vyao. Umebaki wewe."

Alilishika kweli. Nadhani alilishika kwa kushtuka. Akalitazama upande huu na upande ule, na wapiga ngoma nyuma yangu wakaanza kukohoa kwa namna ambayo si kikohozi. Kioo cha gari la maarusi kikashuka, bibi arusi akatoa kichwa na shela lake lote.

"Jamani! Mwacheni dada apige, make-up yangu inayeyuka!"

Mwenyekiti akanirudishia. Nilipiga siku ile kuanzia kanisani hadi ukumbini bila kushusha mkono, nikapanda nota za juu ambazo mzee alikuwa amenikataza kuzigusa mpaka midomo ikomae, na ukumbini mdomo wa chini ukapasuka. Picha ninayo. Nina damu kidogo kidevuni na ninacheka.

Sikusema ni maisha rahisi. Midomo ikipasuka huwezi kufanya kazi mpaka ipone, na hakuna likizo ya ugonjwa kwa mdomo. Mvua ikikata barabara ya Soni mnatembea na vyombo vichwani. Kila mtu ana ndugu anayeoa na kila ndugu anaona kwamba ukipiga bure utakuwa umemtukuza Mungu, hata yule asiyeonekana kanisani. Na siku hizi kuna ugonjwa mpya: watu wanataka muwepo na vyombo vyenu vinavyong'aa, lakini wimbo upigwe kwenye spika, ninyi mvimbishe mashavu kwa ajili ya kamera. Nilitakiwa hivyo kwenye hafla moja ya wakubwa. Fundi mitambo alinielekeza jinsi ya kujifanya napiga. Ilipofika zamu yetu nilimwashiria mzee, ngoma ikaanza kwa kasi nyingine kabisa kuliko ile ya spika, na fundi akalazimika kuizima spika yake mwenyewe kwa aibu. Hatukuitwa tena mahali pale. Sijutii.

Bibi yangu, mama yake baba, alifariki mwaka uliofuata, wakati wa baridi. Alikuwa mzee sana na alikuwa amejichagulia tangu zamani wimbo wa kuzikiwa, wimbo wa kitabuni ambao sauti ya kwanza inapanda polepole ubeti kwa ubeti, na ukikosea pale juu kila mtu anasikia. Kwaya ya tarumbeta ilikuja kama kawaida. Aliyechukua nafasi yangu alikuwa kijana mwenye bidii, lakini wimbo ule ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Nilimsikia akifanya mazoezi nyuma ya nyumba, na kila alipofika pale juu sauti ilivunjika.

Baba naye alimsikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na besi mapajani, akikisugua chuma mahali palepale.

Nilikwenda na boksi langu kaburini. Kaburi la bibi lilichimbwa kwenye mteremko, chini ya mikaratusi, na watu walisimama wakilizunguka kwa shida wasiteleze. Kwaya ilisimama upande wa juu. Mimi sikuruhusiwa kusimama nao, hilo lilijulikana na kila mtu, kwa hiyo nilisimama upande wa chini, ng'ambo ya kaburi, peke yangu. Nilipofungua boksi, kufuli zake mbili zililia, na wazee wa kanisa wakageuka.

Mchungaji akatangaza wimbo. Nilivuta pumzi na kuanza. Sikumsubiri mtu anihesabie.

Kwa mistari miwili nilikuwa peke yangu. Kwaya iliduwaa, vyombo vimefika nusu ya njia kuelekea mdomoni. Mzee mmoja aliinua mkono kama anayesimamisha gari. Nilimwona, nikaendelea. Ningepiga wimbo mzima peke yangu na ningeumaliza. Kisha, kwenye mstari wa tatu, chini kabisa, ikaingia besi. Baba hakuwa amemtazama mtu. Macho yake yalikuwa kwenye jeneza la mama yake. Nota zake ziliingia mahali pake kama miguu ndani ya viatu vya zamani, na baada yake wakaingia wote, sauti ya pili na ya tatu, na yule kijana akanifuata mimi kwenye sauti ya kwanza, na tulipofika pale juu tulikuwa wawili na hatukuvunjika.

Baada ya maziko mzee yule aliyeinua mkono alinijia kwenye njia. "Umevunja agizo la baraza," akasema.

"Nimemzika bibi yangu," nikamwambia.

"Ungeomba kwanza."

"Ningeomba, mngekataa, na bado ningepiga. Tumeokoa muda."

Akaondoka akitikisa kichwa. Baba nilimkuta nyuma ya nyumba akimwaga mate kutoka kwenye besi yake, anaizungusha polepole maji yatoke yote. Nilisimama karibu naye. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyabeba tangu siku ya baraza, na nilitaka aniulize ili niyatoe.

"Ubeti wa pili ulikimbia," akasema.

"Nilikimbia?"

"Kidogo. Pale kabla ya kupanda. Mtu akiogopa mlima anauendea mbio." Akakifuta chuma kwa kiganja. "Sauti imekuwa kubwa. Nani amekufundisha pumzi hiyo?"

Nikamweleza habari za mzee wa Mombo, ua wake, mabasi yake na nota yake moja ndefu. Alisikiliza bila kunikatiza. Wiki iliyofuata alifunga mafungu ya karoti bora kuliko zote, akatia na kabeji mbili, akampa dereva wa Mombo ampelekee "yule mwalimu wa binti yangu." Hilo ndilo tamko pekee nililowahi kulipata. Hajawahi kusema kwamba alikosea kule barazani, na bado watu wakimuuliza kazi yangu husema mimi ni mwalimu. Nikiwepo namsahihisha. Tunafanya hivyo mbele ya wageni, yeye na mimi, bila kukunja uso, na hakuna kati yetu anayekubali kuacha.

Baraza liliniletea ujumbe baadaye kwamba nikisimama mbele ya usharika niseme nimekosa, nitarudishwa kwenye kwaya. Nimekataa. Naenda kanisani, nakaa benchi la nne, naimba nyimbo zote kwa sauti, na kwaya ikipiga naifuata kwa vidole kwenye paja. Wasichana wawili wa kwaya ile hunijia Jumatano niwafundishe kusoma nota. Mmoja ni mjukuu wa mzee aliyetoa ile simu barazani. Yeye babu anajua, na mimi najua kwamba anajua.

Mzee wa Mombo sasa hapandi tena kwenye pikapu, magoti yamekataa, na kikundi nakiongoza mimi. Nimepanga nyumba Lushoto, chini kidogo ya soko, na kila asubuhi nafanya mazoezi uani. Juzi juzi mwenyekiti wa mtaa aliniita. Jirani yangu, mwalimu mstaafu anayependa utulivu, alikuwa ameshtaki kelele. Tulikaa watatu kwenye veranda ya mwenyekiti, na nyuma ya nyumba yake mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma mpaka tukalazimika kuinua sauti.

"Kila siku, tangu saa tatu!" jirani akasema. "Mtu hawezi hata kusikiliza taarifa ya habari."

"Na mashine hii inaanza saa ngapi?" nikauliza.

"Mashine ni kitu kingine. Ile ni kazi ya mtu."

Nikamgeukia mwenyekiti atoe jibu mwenyewe. Yeye mwenyekiti ndiye mwenye mashine. Akajikuna shingo, akauliza kama naweza kuanza saa nne badala ya saa tatu. Nikasema saa nne sawa, na mashine nayo ianze saa nne. Akasema hilo haliwezekani, wateja wanakuja asubuhi.

"Wangu nao wanaoa asubuhi," nikamwambia, nikaomba ruhusa ya kuondoka, maana Jumamosi tuna arusi Korogwe na kuna sehemu ya wimbo bado sijaiweza.

Nilifika nyumbani, nikafungua madirisha yote, nikaanza na nota moja ndefu.